Poda Kabla ya Hukumu

Wajumbe saba wa baraza walipoingia kwenye chumba chao na mlango ukafungwa, Panyin alifungua mkoba kuhakikisha kopo lake la poda bado limo. Lilikuwamo. Akalitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi sokoni, akalirudisha chini ya kitambaa.

"Funga mkoba," kaka yake Ebo alimwambia. "Hapa ni mahakamani, si ngomani."

"Tukishinda nimpake mdogo wangu nini? Majivu?"

"Hatushindi sisi. Kesi ya jinai ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Anayeshinda ni Jamhuri."

"Basi nitaipaka hiyo Jamhuri. Mwambie isogee karibu."

Kwa watu wa kwao hakuna anayeshinda kesi akarudi nyumbani na rangi yake. Hutoka mahakamani mweupe kuanzia utosini hadi mabegani, na mtaa mzima humjua kwa mbali kabla hajafungua kinywa. Panyin alikuwa ameinunua poda hiyo tangu kesi ilipoanza, na kwa muda wote huo hakumruhusu mtu yeyote nyumbani kuigusa, hata mtoto mchanga wa binti yake alipopata vipele vya joto.

Mdogo wake, Araba, alikaa katikati yao kwenye benchi la barazani, nje ya vyumba vya mahakama, akitazama miguu yake. Kesi ilikuwa ya mwanawe Ekow, aliyekufa akiwa na miaka minane. Dadzie, mwenye duka la samaki wa barafu, alimkamata akidai ameiba kibua mmoja. Akamfungia kwenye chumba cha barafu apate adabu, kisha akaenda kwenye mazishi ya rafiki yake. Yeye alisema alisahau. Serikali ilisema hakusahau. Wajumbe saba, raia wa kawaida walioapishwa kwa kazi hiyo, ndio waliotakiwa kuamua, na Jaji alikuwa amewaambia kwamba lazima wote wawe na kauli moja. Wasipokubaliana, baraza litavunjwa na kesi itaanza upya.

Ilikuwa imeshaanza upya mara moja. Baraza la kwanza lilivunjwa mjumbe mmoja alipopata kiharusi. Kwa hiyo Araba alikuwa amesimama kizimbani mara mbili kueleza jambo lile lile: kwamba mchana ule, akimtafuta mwanawe, alipita kwenye duka hilo hilo, akamuuliza binti wa mauzo kama amemwona Ekow, binti akasema hajamwona, naye akanunua vibua wa chakula cha jioni, akaondoka. Ekow alikuwa nyuma ya ukuta. Mara ya pili, wakili wa utetezi alimuuliza alinunua vibua wangapi, na kama walikuwa wakubwa au wadogo. Araba akajibu. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Hiyo ndiyo ya mwisho, Kobina. Wakianza tena, habari ile hawaipati kwangu. Wanifunge." Kobina hakubishana naye. Wote walijua kwamba bila maneno yake kesi haina miguu.

Sasa walikuwa wanangoja. Benchi lenye kivuli lilikuwa moja tu, na upande wake wa pili alikuwa amekaa dada wa Dadzie, Bibi Arhin, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya kanisani. Kati yake na Panyin palikuwa na nafasi ya kukaa mtu mmoja, na kila mmoja alikuwa ameweka mkoba wake hapo kama mpaka wa shamba.

"Mkoba wako unanigusa," alisema Panyin.

"Unakugusaje na wewe umekaa kule?"

"Umegusa mkoba wangu. Mkoba wangu ni mimi."

Bibi Arhin aliuvuta mkoba wake, na katika kuuvuta, kopo likachomoza. Poda. Tena kopo refu kuliko la Panyin. Panyin alilipima kwa macho.

"Hiyo ni ya kuua kunguni?"

"Ni ya kumpaka ndugu yangu akitoka."

"Akitoka kwenda wapi?"

"Ndugu ni ndugu, bibie," Bibi Arhin alisema bila kugeuka. "Ningekuwa na mwingine ningemleta huyo. Ninaye huyu."

Panyin akauvuta mkoba wake mapajani; neno hilo lilimuudhi zaidi kuliko poda.

Saa ya chakula ilipofika, Kobina alikwenda ng'ambo ya barabara akarudi na waakye, wali uliopikwa na kunde, pamoja na mayai na pilipili, vyote vimefungwa kwenye majani. Alikuwa mtu mpole, fundi cherehani, ambaye katika ukoo wa mkewe hakuulizwa neno. Mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mkuu wa msiba alikuwa Ebo, mjomba mtu. Baba kazi yake ilikuwa kuleta chakula. Akafungua majani, akanawa mikono, na kabla ya tonge la kwanza akasema kwa sauti, kama alivyofunzwa tangu utotoni, "Karibuni chakula."

"Ahsante," Bibi Arhin akasema, akasogea.

Bibi Arhin alikuwa hajala tangu alfajiri. Alichukua tonge dogo, la adabu, kisha jingine lisilokuwa na adabu sana.

Panyin alimvuta shemeji yake kwa ukosi wa shati. "Umemkaribisha?"

"Nimekaribisha kama mtu anavyokaribisha," Kobina alinong'ona. "Siku hizi nani anakubali?"

"Kuna siku utamkaribisha mwizi uani umfungulie na kuku!"

"Yai lenyewe hajagusa, shemeji."

"Sasa amegusa."

Ni kweli, alikuwa amegusa. Araba, ambaye kwa siku nyingi hakumaliza sahani, alisukuma fungu lake la jani upande wa Bibi Arhin. Labda ni kwa sababu hakuwa na hamu. Panyin aliamua iwe hivyo.

Wakati huo huo, kwa mlango wa nyuma usioonekana kutoka barazani, wajumbe nao waliletewa chakula chao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mjumbe wa nne, Bwana Quaye, alikuwa mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya hali chakula kilicholetwa na serikali bila kushukuru kwanza. Akasimamisha wenzake. Wakaomba. Kisha akaanzisha wimbo wa shukrani, wa sauti nne, wajumbe wengine wakadakia, na mjumbe mmoja mwanamke mwenye sauti nzito akaibeba sauti ya chini mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Barazani watu wote waliinua vichwa.

"Wamemaliza," Panyin alisema.

"Hawawezi kuwa wamemaliza," alisema Ebo. "Kisheria huwa kuna kengele, karani anatangaza, halafu..."

"Ebo, watu wazima saba wanaimba shukrani. Wanashukuru nini kama hawajamaliza? Wamepata kauli moja! Sikiliza, hata sauti zimekubaliana!"

"Ni kweli wamemaliza," alisema Bibi Arhin, naye amesimama, yai mkononi. "Na watu hawaimbi hivyo wakati wamemtia mtu hatiani. Hiyo ni furaha. Wamemwachia ndugu yangu!"

"Wamwachie wapi! Hiyo ni haki inaimbwa hiyo!"

"Dada, kaa chini," Araba alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi, na kwa bahati mbaya lilikuwa dogo mno.

Maana mlango ulifunguka. Alitoka Bwana Quaye mwenyewe, nyuma yake askari wa mahakama, na uso wake ulikuwa na tabasamu pana, lile la mtu mwenye haraka anayeomba apishwe. Alikuwa anakwenda chooni. Lakini Panyin aliona tabasamu tu. Akapiga kigelegele, akachomoa kopo, akalikung'uta lote kichwani kwa Bwana Quaye. Kabla poda hiyo haijatua, Bibi Arhin alifika kutoka upande wa pili na kopo refu, akammwagia kuanzia shingoni.

Wingu likatanda barazani. Likatulia polepole. Ndani yake alisimama mtu mweupe kabisa, macho mawili mekundu, akipiga chafya.

"Tumeshinda!" alilia Panyin.

"Tumeshinda!" alilia Bibi Arhin.

"Mama zangu," alisema mtu mweupe, akipumua kwa shida, "hatujaanza hata kula."

*

Jaji alirudi kitini na wigi lake, akaangalia chumba, akaangalia mjumbe wa nne, akavua miwani akaifuta, akavaa tena. Mjumbe wa nne alikuwa bado mweupe. Alikuwa amekatazwa kujifuta kwa sababu, askari alisema, yeye sasa ni kielelezo cha ushahidi.

"Wewe ulikuwa wapi?" Jaji alimuuliza askari.

"Nyuma yake, Mheshimiwa. Kazi yangu ni kuhakikisha haongeleshwi. Hakuongeleshwa. Wingu halikuniacha nione mikono ya nani. Kuhusu poda sikupewa maelekezo."

Wakili wa utetezi, Bwana Botwe, alisimama taratibu kama mtu anayeifurahia siku yake. Alisema mjumbe ameguswa na ndugu wa marehemu hadharani, kwa alama ya ushindi ambayo kila mtoto wa nchi hii anaijua. Baraza limechafuliwa, na hakuna maji ya kulisafisha. "Naomba baraza livunjwe, Mheshimiwa, na kesi ianze upya."

Neno hilo la mwisho lilifika mahali Araba alipokaa. Alishika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Kobina, aliyekuwa nyuma yake, aliona mabega yake yakipanda, akajua kwamba mkewe ameshaanza kuhesabu njia ya kutoka humo ndani asirudi tena. Kizimbani Dadzie alikuwa ameinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Nani amefanya jambo hili?" Jaji aliuliza.

Panyin alisimama. Sauti yake, iliyozoea kuvuka soko zima, ilikuwa imepungua ikawa ya mtu mwingine. "Ni mimi, Mheshimiwa. Waliimba. Nikadhani... mdogo wangu hapa hajapata siku hata moja ya kutoka mweupe. Adhabu nipeni mimi, si yeye. Lakini, Mheshimiwa, sikuwa peke yangu."

"Nani mwingine?"

Panyin hakuelekeza hata kidole. Macho ya watu yalizunguka chumba. Bibi Arhin alikuwa amekaa nyuma ya wakili wao, mikono ameificha ndani ya kitenge. Bwana Botwe aligeuka, akamwona, akaona na unga mweupe kwenye viatu vya kanisani, akamfanyia ishara ndogo ya mkono, ile ya kumwambia mtu atulie. Hakuhitaji kumweleza. Bibi Arhin akinyamaza, poda inabaki ya upande mmoja, kesi inaanza upya, na huenda mara ya tatu mama wa mtoto hatakuja. Kaka yake alikuwa anamtazama kutoka kizimbani.

Bibi Arhin alitulia. Alitulia kwa muda ambao Jaji aliweza kufungua kitabu na kukifunga. Kisha akasimama, akaitoa mikono ndani ya kitenge. Ilikuwa myeupe mpaka viwiko.

"Na mimi, Mheshimiwa," alisema. "Tena yangu ndiyo ilikuwa nyingi."

"Kaa chini!" alinong'ona Botwe.

"Nikae vipi, wakili? Nimekula chakula chao sasa hivi."

Bwana Botwe ndiye aliyekaa, na alikaa kama aliyekalia jiko.

Jaji akamgeukia mjumbe wa nne. Akamuuliza kama kitendo hicho kitamfanya aelemee upande wowote.

Bwana Quaye alijikohoza, ukatoka moshi mweupe. "Mheshimiwa, hapa usoni sijui ipi ni ya nani. Kama walitaka kunishawishi, wamenishawishi pande zote mbili kwa dakika moja, na zimechanganyika. Kwangu mizani iko sawa. Ila naomba kukumbusha kwamba kuna mahali nilikuwa nakwenda. Sijafika bado."

Karani aliinamisha kichwa mezani. Mjumbe mwenye sauti nzito alitazama dari akiuma midomo. Jaji alitafuta karatasi fulani kwa muda mrefu sana chini ya meza yake, na aliporudi juu macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ya Jaji. Aliamuru kwamba ombi limekataliwa kwa kuwa upande unaolalamika umeshiriki kosa lenyewe. Mjumbe apelekwe anakokwenda, askari mmoja mbele na mmoja nyuma, anawe, arudi kwenye kazi yake. Na hao kina mama wawili wapewe mafagio wasafishe baraza la mahakama, kwa sababu si la mama zao.

*

Walifagia. Watu waliokuja kwa kesi zao nyingine, za mashamba na talaka, walisimama pembeni wakatazama wanawake wawili wazima waliovaa nguo zao nzuri wakikimbizana na poda. Poda ina tabia mbaya: ukiifagia huku inahamia kule. Panyin alianza kutoka ngazi, mwenzake kutoka mlangoni, kwa hiyo ilibidi wakutane katikati.

"Ungekaa kimya," alisema Panyin, bado ameinama.

"Ningekaa kimya ungenisema mpaka kiyama."

"Ningekusema, ndiyo."

"Basi." Bibi Arhin alikung'uta fagio. "Hapo huwezi kufagia hivyo, unaitawanya. Lete maji."

"Usinifundishe kufagia."

Lakini akaenda kuleta maji.

*

Kengele ililia jua lilipoanza kupungua ukali, na safari hii karani alitangaza, sawasawa na Ebo alivyosema, naye Ebo akatazama kushoto na kulia kuona kama kuna anayekumbuka. Hakuna aliyekumbuka.

Mwenyekiti wa baraza alisimama. Kuua kwa kukusudia: hana hatia. Kuua bila kukusudia: ana hatia. Wote saba, kauli moja. Jaji akampa Dadzie kifungo kirefu, cha kumtoa gerezani akiwa mzee. Dadzie akakaa ghafla kama aliyekatwa kamba. Bibi Arhin alifunika uso kwa mikono ambayo haikuwa imetoka unga wote.

Nje, ndugu wa Araba walisimama wasijue la kufanya na nyuso zao.

"Ebo," Panyin aliuliza, "hapa tumeshinda au tumeshindwa?"

"Kwa upande wa kosa tumeshinda. Kwa upande wa nia tumeshindwa."

"Kwa hiyo mtu anapakwa shavu moja?"

"Tunakata rufaa," alisema Ebo. "Serikali lazima ikate rufaa. Nia ilikuwepo! Mtu hafungi mlango wa chuma kwa bahati mbaya!"

"Wataniita?" Araba aliuliza.

Wote wakageuka.

"Kwenye hiyo rufaa," alisema. "Nitasimama niseme?"

"Hapana, mdogo wangu. Rufaa ni mawakili na karatasi tu. Yale uliyosema yameshaandikwa. Wanasoma."

"Mimi sitasema tena?"

"Hutasema tena."

Araba aliachia pumzi, ndefu, ya mtu anayetua ndoo. "Basi kateni rufaa," alisema. "Kateni hata kumi."

Bibi Arhin akapita karibu yao akielekea barabarani peke yake, viatu mkononi. Hakuna aliyemsemesha, isipokuwa Kobina, ambaye mdomo wake ulimtangulia kama kawaida. "Safari njema, mama." Bibi Arhin akaitikia kwa kichwa. Panyin alifungua kinywa amkaripie shemeji yake, akakifunga.

*

Nyumbani kwao ua ulikuwa umejaa. Majirani walikuwa wamepanga viti pande mbili, waliobaki upande mmoja na waliotoka safari upande wa pili, kama desturi inavyotaka. Maji yakaletwa kwenye kibuyu. Ebo akanywa, Panyin akanywa, Kobina akanywa, Araba akanywa na kumwaga tone chini. Kisha Nana Yaaba, bibi wa nyumba ya tatu, aliye mkubwa kuliko wote, akasema maneno yanayosemwa:

"Hapa ni salama. Ninyi ndio mliotembea. Tupeni habari."

Watu wakakunja mikono vifuani. Wanawake wawili walishikilia tayari ncha za khanga zao karibu na macho, maana habari ya nyumba ile walikuwa wanaijua. Ebo alisimama, akajiweka sawa nguo yake begani.

"Wazee wangu, kwa mujibu wa sheria ya jinai ya Jamhuri..."

"Kaka, kaa," alisema Araba. "Leo nasema mimi."

Kobina aliinuka nusu, akitaka kumzuia, hakujua kwa neno gani. Panyin alimshika mdogo wake mkono. "Si lazima, Araba. Hakuna anayekulazimisha."

"Najua," Araba alisema. Akautoa mkono ule taratibu, akatazama mbele. "Tulikwenda tukafika. Tukakaa kwenye benchi. Shemeji yenu huyu akanunua waakye, akamkaribisha adui. Na adui akala."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Kobina alitazama chini.

"Akala na yai," Araba alisema. "Basi kule ndani wajumbe nao wakaanza kuimba..."

Akaendelea. Alipofika kwenye mlango uliofunguka alisimama, akatembea kama Bwana Quaye, magoti yamebanwa, tabasamu limekazwa, na Panyin alilalamika kwamba yeye hakupiga kigelegele kirefu hivyo, na Kobina akasema kilikuwa kirefu zaidi. Mwanzoni watu walicheka kwa puani, wakiangaliana. Alipofika kwa askari aliyekuwa hajapewa maelekezo kuhusu poda, kijana mmoja alianguka na kiti chake. Araba mwenyewe alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiganja na kuendelea bila kuruka kitu, na Kobina, aliyekuwa hajausikia mlio huo tangu siku walipomzika mtoto, alitazama pembeni kwenye ukuta.

Nana Yaaba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakumbuka yuko nyumba gani. Akaziba mdomo kwa haraka na mkono wake wenye makunyanzi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Nacheka kwenye habari ya mtoto."

"Cheka tu, Nana," Araba alimwambia. "Ile nimeshaisema yote. Hii ni habari nyingine."